Chunjua kwa ng'ombe: kabla hujashika wembe angalia kwanza zimeota wapi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Chanika, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Nina ng'ombe watano wa maziwa nafugia ndani. Mtamba wangu (jike ambaye hajazaa bado) wa miezi 14 ameota vitu kama uyoga shingoni na usoni kuzunguka macho, vilianza viwili vitatu sasa havihesabiki. Na ng'ombe mkubwa ninayemkamua naye ameanza kuota vidogo vidogo kwenye chuchu. Kijana wangu anasema tuvikate kwa wembe halafu tupake maji ya betri, jirani anasema huo ni ugonjwa wa mapele nimuuze kabla hajafa. Maziwa watoto wanakunywa kila siku. Nifanyeje na dawa yake ni ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usimuuze huyo mtamba, manake ukimpeleka sokoni na uso ule utapewa hela ya nyama wakati umebakiza muda mfupi tu apandwe. Pili huo wembe mnyang'anye kijana wako leo leo na maji ya betri yamwagwe mbali na watoto. Kwa maelezo yako na zile picha ulizonitumia hizo ni chunjua, wengine wanaziita masundosundo, na kwa mtamba wa umri huo zikiwa shingoni na usoni mara nyingi sana zinaondoka zenyewe bila hata kumchoma sindano. Ila huyo mkubwa mwenye chuchu hiyo ni habari nyingine, huyo ndo ananifanya niandike jibu refu, kwa hiyo usiishie njiani.

Tuanze na jirani yako maana hajakosea sana kuogopa. Ugonjwa wa mapele ngozi upo kweli hapa kwetu na ni mbaya, lakini namna unavyokuja haifanani kabisa na chunjua. Ule unaanza na homa kali, ng'ombe ananyong'onyea, hataki kula, maziwa yanashuka ghafla, halafu ndani ya siku chache tu mwili mzima unajaa vinundu vigumu vya duara ambavyo viko NDANI ya ngozi, ukishika unakisikia kimeshikana na ngozi yenyewe na juu yake nywele bado zipo, saa nyingine miguu inavimba na tezi za mbele ya bega zinakuwa kubwa mpaka unaziona. Chunjua haina haraka hiyo. Inaota wiki hadi wiki, iko juu ya ngozi, haina nywele, ni kavu na ngumu na imechanika chanika juu kama kichwa cha koliflawa, rangi ya kijivu au nyeusi, na ng'ombe mwenyewe anakula vizuri tu na joto lake liko sawa. Kama una kipimajoto (nunua kimoja, duka lolote la dawa wanacho, kiwe cha ng'ombe tu) pima asubuhi kabla jua halijawa kali, ukikuta 38 na kitu upo salama, ukikuta 40 au 41 na vinundu vimetokea juzi, hapo acha kusoma na umpigie afisa mifugo wa kata.

Vingine vinavyochanganya watu ni fangasi wa ngozi, wale wa mviringo wenye magamba ya kijivu kama mapunye ya watoto, wanapenda sana uso na kuzunguka macho ya ndama, na hao wanaambukiza hata binadamu. Halafu wakati wa masika kuna ule ugonjwa wa ngozi ambao nywele zinashikana vishungi vishungi na ukivuta kinatoka kigaga na chini yake kubichi, huo nao sio chunjua. Kwako wewe picha ya tatu ile ya shingo haina ubishi, unaona mpaka shina la ile kubwa limekuwa jembamba na kichwa kimeanguka upande, hiyo ni chunjua iliyokomaa.

Sasa inatoka wapi. Ni virusi, vinaitwa virusi vya papiloma ya ng'ombe, na viko vya aina nyingi, zaidi ya 20 zimeshajulikana, kila aina ina sehemu inayoipenda, kuna zinazopenda shingo na kichwa na mabega, kuna zinazopenda chuchu, kuna inayoota kwenye uume wa dume. Kinga ya aina moja haisaidii kwa aina nyingine, ndo maana ng'ombe wako mkubwa inawezekana aliota shingoni akiwa ndama zikapona na leo anaota za chuchu, usishangae na usiseme kinga yake imeisha.

Hivi virusi haviwezi kupita kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Vinahitaji mlango, mchubuko hata mdogo ambao wewe huuoni, vinaingia mpaka tabaka la chini la ngozi kule seli zinakozaliwa, halafu vinapanda taratibu pamoja na hizo seli zikikua kuelekea juu, na zinapofika juu zikakauka na kubanduka ndo vinatoka kwa wingi. Kwa hiyo ile chunjua kavu ambayo mtamba anaisugua kwenye nguzo inaacha pale kwenye nguzo mzigo wa virusi, na anayefuata kujisugua hapohapo akiwa na mkwaruzo anabeba.

Na kutoka siku ya kuambukizwa mpaka uone kitu inachukua mwezi mmoja mpaka sita. Hapa ndo wafugaji wengi tunapotea. Mtu anaona chunjua mwezi wa sita analaumu pumba alizonunua mwezi wa tano, kumbe jambo lenyewe lilifanyika mwezi wa pili. Nilishaitwa kwa mfugaji mmoja upande wa Kitunda, ng'ombe tisa, wamevaa hereni za utambulisho masikioni, na kati yao wanne wana chunjua pembeni kabisa mwa tundu la hereni, sio shingoni sio usoni, ni pale pale kwenye tundu, moja mpaka ilikuwa imeinua hereni ikasimama. Nikamuuliza hereni mliweka lini akasema miezi minne iliyopita, koleo waliazima, na aliyeanza kuvalishwa alikuwa mtamba mwenye vijichunjua viwili kidevuni ambavyo hakuna aliyevitilia maanani. Koleo halikufutwa hata kwa kitambaa kutoka sikio la kwanza mpaka la tisa. Mimi nilisimama pale nikawa nayaangalia yale masikio tu maana ilikuwa kama mtu ameandika kwa kalamu njia ugonjwa ulikopita.

Kwa hiyo na wewe kaa chini ukumbuke, kati ya miezi miwili mpaka sita iliyopita mlifanya nini. Mliwakata pembe? Mliwachoma sindano ya minyoo wote kwa sindano moja? Kuna mgeni aliingia bandani? Hiyo kamba ya kichwani ya huyo mtamba nani mwingine anaivaa? Nauliza kamba kwa sababu chunjua zake zimepanga mstari kwenye taya na nyuma ya masikio, pale pale kamba inapopita.

Haya, tuje kwenye dawa, ambalo ndo swali lako hasa.

Kwa mtamba dawa kubwa ni muda, najua jibu hili haliridhishi mtu aliyetoa hela yake akanunua mtamba lakini ndo ukweli wenyewe. Mwili wake ukishavitambua virusi unatengeneza kinga, na chunjua zinaanza kukauka, zinakuwa nyeusi zaidi, shina linasinyaa, zinadondoka. Kwa wengi ni ndani ya miezi michache, wengine inafika mwaka. Wanaopata sana ni hawa wa chini ya miaka miwili kwa sababu kinga bado haijavijua hivi virusi, akishapona aina ile haimrudii kirahisi.

Na hapa ndo siri ya zile dawa zote unazoambiwa zinaponya. Mtu anavumilia miezi mitatu, minne, wa tano anachoka anapaka kitu, wiki tatu baadae zinadondoka, basi anatangaza mtaa mzima kwamba oili chafu ndo dawa. Zilikuwa zinadondoka zenyewe. Angepaka au asingepaka.

Shida sio kwamba hizo dawa hazifanyi kitu tu, shida ni zinachofanya. Maji ya betri ni asidi, inakula ngozi nzima inayozunguka na kuacha kidonda kibichi, kwenye joto la Dar na nzi wetu kidonda kile kinaingia funza kabla ya wiki kuisha. Na za kwako ziko kuzunguka macho, tone moja likiteleza umeshamtoa jicho. Utomvu wa mnyaa hivyo hivyo, nimeshuhudia mtamba macho yamevimba yamefunga kabisa kwa sababu mtu alipaka utomvu kwenye chunjua ya kope na ng'ombe akajisugua kwenye goti lake mwenyewe. Tulimwosha maji masafi muda mrefu sana na jicho moja likabaki na ukungu mweupe. Na wembe nao, chunjua ina mishipa ya damu hasa ikiwa changa inakua, ukiifyeka inavuja damu nyingi, vipande vinaanguka chini vyenye virusi, wembe huohuo unahamia kwenye ngozi nzima ya jirani yake, na umemchubua kila mahali ulipogusa, yaani umefungua milango mipya hamsini. Mara nyingi ukikata zikiwa bado changa zinarudi, na saa nyingine zinarudi nyingi kuliko mwanzo.

Kuna wakati kuziondoa ni sahihi, sikatai. Kama moja imeziba jicho asione, kama iko mdomoni au puani inamsumbua kula na kupumua, kama imeshachanika inanuka na nzi wanatua, kama iko mahali inagongwa kila siku inatoa damu, au ni ile kubwa yenye shina jembamba inayoning'inia, hiyo itolewe. Lakini itolewe na daktari wa mifugo, kwa ganzi, zikiwa zimekomaa zimeacha kukua, na vyombo vilivyochemshwa. Ile yenye shina jembamba huwa tunaifunga tu, unachukua uzi imara ulioloweshwa kwenye iodini au ile raba ya kuhasia, unaukaza chini kabisa karibu na ngozi mpaka chunjua inabadilika rangi, damu haifiki tena, baada ya wiki moja mpaka mbili inakauka inadondoka yenyewe. Kuna kosa moja dogo watu wanafanya, wanafunga juu juu katikati ya shina kwa kuogopa kumuumiza, basi kinabaki kisiki kinaendelea kuota. Na usifunge kumi kwa siku moja, anza na moja au mbili. Siku hiyo muulize daktari kuhusu sindano ya kinga ya pepopunda, na pale papulizie spray ya kufukuza nzi mpaka pakauke. Kilichodondoka usikiache bandani kiokote kwa karatasi ukichome moto.

Utasikia pia kwamba daktari akizitoa chache tu au akizibana kwa koleo mpaka zisagike, mwili unashtuka na zilizobaki zinapona haraka. Wapo madaktari wenzangu wanafanya hivyo na kuna ng'ombe wanapona baada yake, mimi msimamo wangu ni kwamba kwa mtamba ambaye hana shida yoyote zaidi ya sura kuharibika simgusi.

Sindano ya aivamektini ndo inayotajwa sana siku hizi, kila duka la dawa za mifugo utaambiwa mchome mara mbili zitaondoka. Ile ni dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, haiui virusi. Kama mtamba wako hajapewa dawa ya minyoo muda mrefu basi kumpa kutamsaidia kunenepa na mwili wenye afya unapambana vizuri, kwa hilo sipingi, ila usimnunulie kwa matumaini ya chunjua. Na sikiliza hapa vizuri, HUYO ANAYEKAMULIWA ASICHOMWE, dawa hii inapita kwenye maziwa na inakaa muda mrefu, na umesema watoto wanakunywa. Antibayotiki nazo usipoteze hela, virusi havijali oksitetrasaiklini, hiyo ni ya kidonda kilichoingia bakteria peke yake.

Chanjo ipo, ila sio ya kununua dukani ukadhani ni ya ng'ombe wote. Inayofanya kazi vizuri ni ile inayotengenezwa kutokana na chunjua za kundi lako mwenyewe, maabara inachukua vipande, inavisaga, inaviua virusi kwa fomalini, inachuja, halafu inachomwa kwa ng'ombe wa banda lile lile, kwa sababu kama nilivyosema aina za virusi ni nyingi na chanjo ya aina ya kwangu inaweza isikusaidie wewe. Kazi yake kubwa ni kukinga wale ambao hawajapata, hasa ndama, wanaweza kuanza wakiwa na wiki 4 mpaka 6, wakarudiwa baada ya wiki 4 mpaka 6 nyingine na tena wakifika mwaka. Kwa ambaye tayari ameota msaada wake ni mdogo. Kwa ng'ombe watano kwa kweli sikushauri uingie gharama hiyo, ungekuwa na hamsini na kila kizazi cha ndama kinaota tungeongea lugha nyingine. Ila USIJARIBU kusaga mwenyewe nyumbani, nimeona watu wanaelekezana, kusaga chunjua na maji na kumchoma ng'ombe ni kumwambukiza kwa mkono wako, na jipu juu yake. Sampuli ikihitajika daktari wako anaikata anaipeleka, maabara kuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari ipo hapa hapa Temeke sio mbali na wewe.

Sasa njoo kwa ng'ombe mkubwa, na hapa nakuomba usome mara mbili.

Chunjua za chuchu ziko za sura mbili. Kuna zilizonyanyuka zenye vidole vidole kama ufagio mdogo, na kuna bapa, nyeupe, ndogo kama punje za mchele zilizobandikwa. Shika chuchu wakati umeshaiosha, pitisha kidole gumba taratibu kutoka juu kwenda chini, utazisikia kabla hujaziona. Hizi za punje ya mchele zina ubishi, nyingi haziondoki zenyewe kama zile za shingo, zinaweza kukaa miaka. Zikiwa pembeni mwa chuchu na ng'ombe hapigi teke wakati wa kukamuliwa unaweza kuishi nazo. Ninachokiogopa ni ile inayoota kwenye tundu la chuchu au pembeni yake kabisa. Tundu lile baada ya kukamua linatakiwa lijifunge, likiwa na chunjua halifungi vizuri, bakteria wanajificha kwenye yale makunyanzi, na mlango uko wazi ng'ombe analala kwenye samadi, hapo ugonjwa wa kiwele unakuja na unaweza kupoteza robo nzima ya kiwele. Kwa hiyo kabla ya yote mkague kila chuchu kwenye ncha, na kila asubuhi kamua mikamuo miwili mitatu ya kwanza kwenye kikombe cheusi au kitambaa cheusi uangalie mabonge.

Anayezisambaza chuchu hadi chuchu, na ng'ombe hadi ng'ombe, ni mkono wa anayekamua. Nasema kwa heshima zote kwa kijana wako, hakuna aliyemfundisha. Anakamua wa kwanza, anapaka mafuta ya kukamulia kutoka kwenye kopo moja, anafuta kwa kitambaa kimoja, anahamia wa pili. Lile kopo la mafuta likishachovywa na vidole vilivyotoka kwenye chuchu yenye chunjua linakuwa ndo ghala la virusi. Badilisha hivi: mwenye chunjua akamuliwe wa MWISHO kila siku bila kukosa, kila ng'ombe na kitambaa chake na kikifuliwa kichemshwe, mafuta yachotwe kwa kijiko kisafi na kuwekwa mkononi sio vidole kuingia koponi, mikono ioshwe kwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe na kucha ziwe fupi. Akimaliza kukamua achovye chuchu kwenye dawa ya iodini ya chuchu, ile yenye mafuta ya kulainisha ndani yake, kwa sababu chuchu zilizokauka zikachanika ndo mlango wenyewe. Iodini haitaiponya chunjua, inazuia bakteria na inaweka ngozi vizuri.

Kama za kuziondoa zipo, subiri akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa kabla ya kuzaa tena. Wakati wa kukauka ndo wakati mzuri, daktari anatoa kwa ganzi na kidonda kinapona bila kuvutwa mara mbili kwa siku. Usikubali mtu akate chunjua ya ncha ya chuchu kwa haraka bandani, akipitiliza kidogo tundu linaharibika, maziwa yanavuja yenyewe au linaziba kabisa.

Ukiona kwenye chuchu ni vigaga vyekundu vilivyojikunja kama kwato ya farasi, na kijana naye ametokewa na kinundu cha rangi ya zambarau kidoleni, hiyo sio chunjua, ni virusi vya ndui bandia ya ng'ombe ambavyo vinaruka kwa binadamu, mwambie daktari wote wawili waangaliwe.

Kuhusu watoto na maziwa, virusi vya chunjua za ng'ombe haviwapati binadamu. Watoto wako hawataota chunjua kwa kunywa maziwa wala kwa kumshika mtamba. Maziwa yachemshwe kama kawaida, kwa sababu zingine ambazo hazihusiani na chunjua, na kama yana damu au mabonge yamwagwe. Punda ndo wa kuangalia, virusi hivi hivi vya ng'ombe kwa punda vinaleta uvimbe wa ngozi mgumu sana kutibika, kwa hiyo kama pale kwako kuna punda wa kubebea maji au majani asifungwe nguzo moja na mtamba wala kuvalishwa kamba yake.

Banda lako sasa. Nenda jioni jua likiwa pembeni na upitishe kiganja chako pole pole kwenye kila mbao kwa urefu wa shingo ya ng'ombe. Mahali mkono wako unakwaruzwa na wao wanakwaruzwa, msumari uliochomoza, kipande cha seng'enge, bati lenye ncha kwenye hori, ubao uliopasuka. Toa vyote. Mbao na nguzo anazojisugua mtamba zisuguliwe kwa maji na sabuni mpaka samadi itoke kwanza, maana dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, halafu Jiki ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha Jiki kwa sita vya maji, iache nusu saa ng'ombe wakiwa nje kisha suuza. Virusi hivi ni vigumu, spirit peke yake haitoshi, kwa hiyo vyombo vya chuma kama koleo la hereni na vya kukatia pembe vichemshwe, maji yakishaanza kutokota hesabu dakika 20. Sindano, moja kwa ng'ombe mmoja, ukilinganisha bei ya sindano na bei ya daktari utaona mwenyewe. Kila kazi ya bandani mwenye chunjua anafanyiwa wa mwisho, awe kuvalishwa hereni, kuchomwa, kupimwa mimba. Na kila mmoja awe na kamba yake, ya mtamba ifungie uzi mwekundu ili isichanganywe.

Kupe na nzi wanaouma wanachubua ngozi, sasa hivi mvua zikianza wataongezeka, endelea kuogesha kwa ratiba na samadi isilundikwe karibu na banda.

Ukinunua mwingine, iwe Pugu mnadani au kwa mtu, usiangalie kiwele na meno tu, pitisha mkono chini ya kidevu, nyuma ya masikio, kifuani kati ya miguu ya mbele, na kila chuchu. Lakini ujue aliyeambukizwa jana atakuwa msafi kabisa ukimnunua, wiki mbili za kumtenga zitakusaidia kwa magonjwa mengine ila kwa chunjua hazitoshi, kwa hiyo mgeni awe na kamba yake na vyombo vyake kwa miezi kadhaa hata kama ni mzuri wa macho. Na lile dume la mtaani linalopandisha kwa kila mtu, madume vijana wanaota chunjua kwenye uume, zinatoa damu wakipanda na wanaanza kukataa jike, muulize mwenye dume akuonyeshe kabla, au tumia uhimilishaji tu (kupandisha kwa mrija bila dume), kwa huyo mtamba wako akifika uzito wake ndo ningekushauri hivyo.

Jambo la mwisho la mtamba ni chakula. Chunjua zinazozagaa mwili mzima kwa ng'ombe aliyekonda zinaniambia kuna kitu kingine kinakula kinga yake, minyoo, ndigana (ugonjwa unaoletwa na kupe) ya chini chini, au anakula majani makavu matupu kiangazi chote. Mpe majani mabichi, mashudu kidogo, jiwe la madini la kulamba liwepo muda wote, na apimwe kinyesi kabla ya kupewa dawa ya minyoo ili upewe inayofaa. Kama mwaka utapita bado zinaongezeka, au anakonda huku anakula, niite tuchukue damu.

Kwa wiki hii fanya hivi. Mpige mtamba picha leo upande wa kushoto na wa kulia ukiweka kiberiti pembeni ya ile kubwa ya shingo, na urudie kila baada ya wiki mbili ukiwa umesimama pale pale, kwa sababu macho ya kila siku hayaoni kitu kinachosinyaa taratibu na wewe ndo utakuwa wa kwanza kukata tamaa kabla ya wakati. Ile iliyo karibu kabisa na kope la jicho la kulia nitumie picha ya karibu, hiyo moja ndo sina raha nayo, ikigusa jicho tutaifunga. Na kukamua kwa mpangilio mpya kuanze jioni hii hii, yule mkubwa awe wa mwisho.